Boila ya lita 80: taa inawaka, disjonkta haijaanguka, maji ni baridi (Lubumbashi)

PapaMapacha (mwenye uzi)
Bakubwa, nawasalimu toka Bel-Air. Nina boila ya umeme ya lita 80, ya kutundika ukutani, imesimama wima juu ya bafu, wati 1,500. Tulihamia nyumba hii tukaikuta, umri wake siujui. Tangu Alhamisi haipashi maji. Taa yake ndogo nyekundu inawaka kila umeme ukiwepo, disjonkta (swichi inayojikata umeme ukizidi) iko juu, lakini asubuhi yanayotoka ni maji ya bomba yale yale. Na baridi ya mwezi wa sita hapa kwetu mnaijua. Mapacha wangu wana miaka minne, siku hizi wanaanza kulia wakiona tu ndoo.

Habari nyingine, huenda ikasaidia: Jumatano hatukuwa na maji kutwa nzima. Yalirudi Alhamisi alfajiri, robine (koki) ya maji moto ikakohoa hewa mara tatu nne, ikatema maji ya rangi ya chai, halafu yakasafika. Baridi, lakini safi.

Jirani mmoja anasema nibadilishe resistansi (chuma kinachopasha maji). Mwingine anasema termostati (inayokata umeme joto likitosha). Fundi niliyemwita alitaja dola 60 akiwa bado amesimama mlangoni, hata kifuniko hajakigusa. Nina turnevisi (bisibisi) na multimeta ndogo ya sokoni. Nianzie wapi?

Binti_Ruashi
Anzia kwenye mbabula, jiko la makaa, Papa Mapacha. Mbabula haina termostati 😂

PapaMapacha
Njo tunatumia, bana. Makala yenyewe bei umeiona?

MwanafunziKasapa
Kaka, kabla hujanunua chochote pima volti, tena saa za jioni watu wote wakiwa wanapika. Nguvu ya resistansi haishuki sawasawa na volti, inashuka kwa mraba wake. Boila yako imeandikwa wati 1,500 kwa volti 230. Ukiipa 160, haibaki na theluthi mbili ya nguvu kama mtu anavyodhani, inabaki chini ya nusu. Vidole vikae nyuma ya ule ukingo wa nyaya za multimeta, na usipime ukiwa umesimama bafuni penye maji.

PapaMapacha
Nimepima kwenye plagi ya korido. Saa moja jioni: 168. Saa nane usiku, maana usingizi umeshanikimbia: 214.

MwanafunziKasapa
Basi hesabu ni hii. Kutoa lita 80 kwenye nyuzi 18 hadi 60 kunataka kilojuli kama 14,000. Kwa wati 1,500 kamili ni saa mbili na nusu na dakika chache. Kwa volti 168 boila yako inatoa wati 800 tu, kwa hiyo ni karibu saa tano. Ukiiwasha saa moja jioni na delestaji (mgao wa umeme) ikakukuta saa nne, utaoga maji vuguvugu.

Mwana_Kolwezi
Umeme mwingine unatoka Inga, kwenye bwawa la mto Kongo, unatembea karibu kilomita 1,700 kwenye waya mpaka huku kwetu Kolwezi, ndipo uanze tena safari ya kuja kwenu. Ukifika Bel-Air umeshachoka, unaomba kiti.

PapaMapacha
😂 Lakini mdogo wangu wa Kasapa, yangu si vuguvugu. Ni baridi kabisa. Usiku wa jana umeme haukukatika hata dakika moja, na asubuhi hakuna tofauti na robine ya jikoni.

FundiKamalondo
Basi volti si mkosaji, au si peke yake. Volti ndogo inachelewesha, haizuii. Papa Mapacha, sikiliza mzee. Miaka yote hii nimefungua boila nyingi kuliko sufuria alizofungua mke wangu.

Ile taa isikudanganye. Kwenye boila nyingi taa imeungwa pale umeme unapoingilia, kabla ya termostati. Inakuambia umeme umefika mlangoni tu. Kama umeingia chumbani au la, haijui.

Fanya hivi. Teremsha disjonkta ya boila, na umwambie kila mtu nyumbani asiiguse. Fungua kile kifuniko cha plastiki cha chini. Kabla ya kutia mkono, pima na multimeta kwamba hakuna umeme kwenye vichwa vya nyaya, kwa sababu nyumba zetu zimeungwa na watu wengi, na disjonkta inayoitwa ya boila inaweza kuwa ya sebule. Utaona termostati, mkebe mdogo wenye fimbo iliyoingia ndani ya tangi. Pembeni yake kuna kitufe kidogo, mara nyingi chekundu, saa nyingine kimejificha kwenye tundu. Kibonyeze na ncha ya turnevisi. Ukisikia *tak*, kilikuwa kimeanguka.

Kazi ya kitufe ni hii: termostati ya kawaida inakata maji yakifika 60 au 65 hivi, halafu inajirudisha yenyewe. Kitufe ni mlinzi wa pili. Joto likipita kiasi, kwenye 85 au 90, kinakata kabisa na hakirudi mpaka mtu aje. Ukibonyeza na hakuna *tak*, usikaze nguvu, rudi hapa tupime resistansi.

PapaMapacha
TAK! Mzee Kamalondo, Mungu akubariki. Nimebonyeza, nimefunga kifuniko, nimewasha saa mbili usiku. Saa kumi na moja asubuhi maji yanachoma. Mapacha wameoga wakiimba. Dola 60 zangu ziko mfukoni. Uzi ufungwe.

FundiKamalondo
Uzi usifungwe. Kitufe kile hakianguki bure. Umeondoa kilio cha mlinzi, mwizi bado hujamwona. Angalia kama skrubu za nyaya zimekaza, kama kuna plastiki iliyogeuka kahawia, kama ile fimbo imeingia mpaka mwisho. Skrubu iliyolegea inapasha joto pale pale kwenye termostati, na kitufe kinadhani ni maji.

PapaMapacha
Nimeangalia. Skrubu zote zimekaza, plastiki ni nyeupe, fimbo imekaa vizuri.

*(siku tisa baadaye)*

PapaMapacha
Imezima tena. Taa inawaka, maji baridi. Nimebonyeza, *tak*, imerudi. Mzee alisema.

Jiko_la_Gombe
Hizo termostati za siku hizi kitufe chake ni kichovu, hata chafya inakiangusha. Chukua kipande cha waya, ruka kile kitufe, unga dairekti. Yangu iko hivyo tangu mwaka jana, haijawahi kunisumbua.

Mtazamaji_Goma
Samahani kaka, hiyo si ya kumwambia mtu mwenye watoto. Sisi Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, sufuria ya wazi inachemka kwenye nyuzi 95. Lubumbashi mko juu ya 1,200, kwenu ni kama 96. Lakini boila si sufuria. Imefungwa, ina presha, kwa hiyo maji yake yanapita 100 bila kuchemka na yanaendelea kupanda. Termostati ya kwanza ikiganda ikiwa imefungua njia, na kile kitufe umekiruka, amebaki mlinzi mmoja tu, valvu ya usalama inayofunguka presha ikifika baa 7. Nayo kama imejaa chokaa au kuna mtu ameiziba kwa sababu inadondosha, tangi likiachia, maji yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi mara 1,600 ya ile ya maji. Ukuta wa bafu hauna nafasi hiyo.

Jiko_la_Gombe
Mnapenda kuogofya watu.

FundiKamalondo
Mwanangu, ondoa ule waya leo. Sikuombi.

Papa Mapacha, turudi kwetu. Ile siku kabla haijazima, maji ya bomba yalikuwepo?

PapaMapacha
Sasa unavyouliza… hapana. Yalikatika Jumamosi mchana, yakarudi Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi ndipo boila imezima. Na robine ilikohoa tena.

MwanafunziKasapa
Mimi nasema ni chokaa. Chini ya mji wetu kuna miamba ya dolomia, maji ya foraji (visima virefu vya kuchimbwa) yanapita humo na kubeba kalsiamu na magnezi. Ukiyapasha, inaganda juu ya resistansi kama ile nyeupe ya ndani ya birika. Resistansi iliyovaa koti la chokaa inapata joto kupita kiasi kwa sababu haiwezi kulitoa, na termostati iko sentimita chache tu pembeni yake.

PapaMapacha
Nimefungua Jumamosi, nikishika simu mkono mmoja nasoma ushauri wenu. Nilikata umeme, nikafunga maji yanayoingia, nikafungua robine ya maji moto ili hewa iingie, nikamwaga tangi kupitia kile kishikio cha valvu. Halafu nikalegeza nati za ile sahani ya chini, taratibu, beseni chini.

Kwanza yalitoka maji ya mwisho. Halafu ikaja kitu kama uji wa mahindi ulioachwa usiku, mweupe wenye kahawia, nusu ndoo nzima. Ndani yake vipande vya chokaa kama maganda ya yai. Resistansi imevaa magamba upande wa chini, lakini sehemu ya juu, kama kiganja kimoja, magamba yamepasuka na kuanguka, chuma kimegeuka cheusi cha bluu. Fimbo ya anodi ya magnezi (ile inayoliwa na kutu badala ya tangi) imebaki waya mwembamba kama spoku ya baiskeli.

Nimetoa nyaya na kupima resistansi: ohmu 35. Kati ya kila kichwa chake na chuma cha sahani: hakuna mpito kabisa.

MwanafunziKasapa
Ohmu 35 ni nzima. 230 mara 230 ugawe kwa 35 unapata wati 1,500 na kidogo. Na kama haipitishi kwenda kwenye chuma, haijapasuka. Chokaa, nilisema!

FundiKamalondo
Chokaa ni kweli, na mtoto amesema vizuri. Lakini angalieni ile rangi. Nyeusi ya bluu iko juu, chini hapana. Kama ni chokaa, chini ndiko imejaa, chini ndiko kungeungua. Juu imeungua kwa sababu juu ndiko maji yalikosekana kwanza. Hiyo resistansi imewaka ikiwa nje ya maji.

PapaMapacha
Lakini mzee, boila haiwezi kukauka. Maji yanaingilia chini na kutokea juu. Bomba likikatika, yaliyomo yanabaki mle mle. Hilo hata mimi nalijua.

FundiKamalondo
Yanabaki kama kuna mtu wa kuyazuia yasirudi yalikotoka.

Mama_wa_Golf
Wapapa, mniruhusu swali la mama wa nyumba. Ya kwangu kila ikipasha inadondosha maji tone tone pale kwenye valvu. Mwanzoni nilidhani ni mbovu, fundi akaniambia ni haki yake: maji yakipata moto yananenepa, lita 80 zinaongezeka lita moja na kitu, lazima yatokee mahali. Ya Papa Mapacha inadondosha?

PapaMapacha
Haijawahi kudondosha hata tone. Nilikuwa najivunia.

FundiKamalondo
Mama, umeuliza swali nililosahau kuuliza, na umemaliza kazi. Ndani ya ile valvu ya usalama, upande maji yanapoingilia, kuna ulimi mdogo wa plastiki na springi. Unaruhusu maji kuingia kwenye boila, hauruhusu kutoka. Papa, ulimi wako umeganda wazi. Maji ya rangi ya chai yanayorudi baada ya mkato yanabeba mchanga, chembe moja imekaa pale. Ndiyo maana hakuna tone: maji yakinenepa yanarudi zake kwenye bomba. Na bomba likikauka, boila yako inamwagikia mtaani.

Lakini ili imwagike inahitaji hewa juu, kama chupa. Niambie, siku maji yakikatika kuna mtu anaacha robine wazi?

PapaMapacha
…

Mke wangu anaacha robine ya bafu wazi na ndoo chini yake, ili maji yakirudi usiku tusikie mlio. Nimemuuliza sasa hivi ni ipi. Ile ya kushoto.

Ya kushoto ni ya maji moto.

Binti_Ruashi
Hiyo ndoo ya kungojea maji iko kila nyumba. Hata kwetu.

PapaMapacha
Ngojeni, kuna jingine. Parseli yetu (kiwanja) imeteremka kidogo, na huku chini kuna aneksi, nyumba ndogo tunayopangisha, bomba ni lile lile moja. Mama anayekaa humo aliniambia wiki iliyopita, kwa furaha kabisa: «Papa, Mungu ametukumbuka, mtaa mzima hauna maji lakini robine yangu usiku inatoa, tena vuguvugu!» Nilicheka, nikadhani anatania.

Mtazamaji_Goma
Yeye amekumbukwa, wewe umelipa umeme 😂😂

FundiKamalondo
Usiniamini mimi, jaribu. Tangi likiwa limejaa na umeme umekatwa, funga robine kubwa ya kuingilia parseli. Fungua robine ya aneksi mpaka bomba likauke. Halafu fungua ya maji moto bafuni. Aneksi ikitoa maji, tumemshika.

PapaMapacha
Nimejaribu leo saa kumi. Nilifunga robine kubwa, nikaweka ndoo ya lita 20 kwenye aneksi. Maji yalikwenda, yakapungua, yakawa uzi, yakakatika. Nikampigia mke wangu aliye bafuni: fungua ya kushoto. Kwanza kimya. Halafu robine ikapiga pumzi moja ndefu, na maji yakaanza upya, kwa nguvu. Yalijaza ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu ikafika shingoni ndipo yakakoma. Bafuni mke wangu alisikia robine inavuta hewa *fiiii* muda wote huo. Mama wa aneksi amesimama pembeni na madumu, hajaelewa tunachoshangaa.

MwanafunziKasapa
Zaidi ya lita 55 kati ya 80. Sehemu ya juu ya resistansi iko hewani kweli, na sehemu ya fimbo ya termostati pia. Umeme ukiwepo usiku huo, chuma kinawaka bila maji ya kukipoza, kitufe kinaanguka. Asubuhi maji yanarudi, yanajaza tangi, mtu anakuta boila imejaa maji baridi na taa inawaka. Nakubali, mzee. Chokaa ilikuwa shahidi tu.

FundiKamalondo
Shahidi na msaidizi. Vipande vyake ndivyo vinavyokwama kwenye ulimi. Nunua valvu mpya yenye ulimi ndani, na uone maandishi ya baa 7 juu yake. Nunua anodi na ule mpira wa sahani, usirudishe wa zamani, utavuja. Resistansi loweka kwenye siki usiku mmoja. Tangi kwa ndani safisha kwa mti au kitambaa, usikwangue kwa chuma: lile pako la enameli ndilo linalozuia kutu. Mshale wa valvu uelekee kwenye boila, nimekuta watu wameifunga kinyume wakalia maji hayaingii. Na bomba la kudondoshea lisizibwe hata siku moja.

Siku maji yakikatika, teremsha disjonkta. Yakirudi, fungua robine ya moto mpaka imalize kukohoa na itoe maji yaliyonyooka, ndipo uwashe. Ndoo ya kungojea iende kwenye robine ya baridi.

Mama_wa_Golf
Na termostati iwekwe ngapi? Nimeiteremsha 45 kwa ajili ya umeme na watoto.

Mtazamaji_Goma
Mama, 45 ni kidogo. Maji yanayokaa vuguvugu siku nyingi yanalea vijidudu, kuna bakteria anaitwa lejionela anapenda joto hilo hilo. Weka 60 ndani ya tangi, uchanganye na baridi kwenye ndoo. Lakini baridi itangulie kwenye beseni la mtoto, moto ufuate, maana 60 inaunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache.

PapaMapacha
Ripoti, wiki tatu baadaye. Nilifunga valvu mpya, anodi mpya, mpira mpya, resistansi ni ile ile imeng'aa. Pesa zote, pamoja na siki, hazikufika nusu ya zile dola 60. Sasa valvu inadondosha kila boila ikipasha na mimi nasimama naiangalia kama mtu anayeangalia mvua. Maji yamekatika mara mbili, kitufe hakijaanguka.

Jambo moja tu. Mama wa aneksi amekuja jana jioni, amekunja uso, anauliza kwa nini siku hizi maji yakikatika na kwake yanakatika.

Binti_Ruashi
Mpelekee mbabula.